Herufi E

Nje ya Aktobe nyika haina hata kichuguu cha kusimamia.
Vytenis amezima lori, amepanda juu ya tela la friji,
mkono hewani kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda msalani.
Vijiti viwili, mara kimoja. Kando yake herufi E,
mtandao mkongwe, wa enzi za simu za kubonyeza.

Kampuni yake ya Vilnius imeshamtumia salamu na bei:
kila megabaiti, sahani ya supu.

Picha inashuka.
Kwanza ukuta wa wodi. Kofia ya sufu.
Paji la uso, jekundu, limekunjamana
kama la mtu aliyeamshwa usiku kutia saini.
Nyusi. Kope moja.
Hapo ikagoma.

Akangoja hadi vidole vikafa ganzi,
akaitukana E kwa Kilitwania,
akaibembeleza kwa Kirusi.
Chini ya kope, kijivu kitupu.

Kisha ujumbe mfupi, maneno matupu,
ukapenya palipokwama picha:
"Baba, pua ni yako. Tulimwombea nyingine."

Akashuka, polepole, goti likilia,
akainamia kioo cha pembeni
akaimalizia mwenyewe.