Jiwe la Sikio

Asubuhi Dokta Ntiruka alinifundisha kupasua kichwa cha mgebuka:
kisu kipite nyuma ya jicho, taratibu,
kama unayefungua barua ya mtu mwingine.
Ndani, chini ya ubongo, kuna jiwe,
jeupe, dogo kuliko punje ya mchele.
Ukilisugua upande mmoja na kuliweka kwenye hadubini
linaonyesha miduara, mmoja ndani ya mwenzake,
masika, kiangazi, masika.
"Minne," akasema. "Huyu ana miaka minne."
Nikaandika 4. Samaki hakubisha.

Mchana nikanawa kwa ndimu, harufu ikabaki,
nikavaa kitambulisho, nikamfuata Edwina
wa shahada ya uzamili, sayansi za jamii,
hadi Katonga, kwenye chanja za dagaa.
Yeye anauliza kwa Kiswahili cha darasani,
mimi nageuza kwa Kiha,
jibu linarudi refu kama treni ya kutoka bara
na kwenye kishikwambi linaingia behewa moja.

Bi Bukuru hakuacha kugeuza dagaa.
Umri?
"Nilizaliwa ziwa lilipopanda.
Si kupanda huku kwa juzi, kulikomeza vibanda vya Kibirizi.
Kule kwa kwanza. Mama alinifunga mgongoni,
Butoyi kifuani, sufuria kichwani,
maji yakamfuata kisiginoni
kama mdai."
Kishikwambi kinataka tarakimu mbili.
Edwina akanitazama, nami nikatazama dagaa.
Tukaandika 99.
Maana yake: hajui.

Watu wangapi katika kaya?
Akahesabu kwa vidole vyenye magamba.
Watano wa hapa. Mmoja wa Kalemie,
anayetuma kitenge badala ya salamu.
"Na Butoyi, pacha wangu. Saba."
Butoyi analala hapa siku ngapi kwa wiki?
"Hakuimaliza wiki ile ya maji."
Kidole cha Edwina kikabaki hewani.
Akaandika sita, akafuta, akaandika sita.

Halafu ikawa zamu ya mama kuuliza.
"Wa mwaka juzi walipima mikono ya watoto kwa utepe.
Wa mwaka jana wakataka kujua choo kiko upande gani.
Wote walikuwa na barua ya mtendaji, ina mihuri mitatu.
Wote walisema, weka dole gumba hapa.
Dole langu limefika wapi?"

Nilijua limefika kwenye sanduku, chini ya ngazi,
ofisini, juu yake birika bovu.
Sikusema.
Dodoso halina 99 ya anayeuliza.

Kwa aibu nikamsimulia habari za mgebuka,
kisu, jiwe, miduara.
Ndipo mikono yake iliposimama.
"Umri wa samaki mnaukuta sikioni?"
Ndiyo, mama.
"Sasa mbona mimi mnaniuliza mdomoni?"

Wanawake wa chanja ya pili wakacheka mpaka ungo ukaanguka.
Edwina naye akataka tafsiri.
Nilijaribu. Kwa Kiswahili ilitoka kama mzaha tu,
na haukuwa mzaha:
kuna masikio pale yaliyosikia meli ikishusha watu usiku
waliobeba milango ya nyumba zao,
yaliyosikia kipaza sauti kikitangaza ziwa limefungwa,
na kabla ya yote hayo, ubavuni, pumzi ya pili
ikipungua.

Usiku umeme wa Mwanga ukarudi saa nne.
Kompyuta moja, majedwali mawili.
La Dokta: samaki mia tatu na kumi na mmoja,
kila mmoja na miaka yake, hakuna 99 hata moja.
La Edwina: zimejipanga toka juu mpaka chini
kama ndoano.

Nikafungua kisanduku cha Maoni.
Kinabeba herufi mia mbili na hamsini, nafasi zikihesabiwa.
Nikaanza: Mama alisema ziwa lilipanda,
yeye mgongoni, mwenzake kifuani,
kikajaa
kabla maji hayajafika kisiginoni.