Sifuri ya Dulguun

Kitufe cha saba kiling'oka kabla sijahamishiwa shule hii.
Ndiyo sababu mchezo wangu haumwombi mtoto aandike jibu:
humwekea majibu manne, achague kwa mshale.
Niliuunda likizo ya baridi, hapa Tosontsengel,
jiko la makaa likikohoa mgongoni kwangu,
nje nyuzi arobaini chini ya sifuri,
hata wino umelala ndani ya kalamu.

Mchezo wenyewe si kitu.
Uwanda, theluji, zizi lililo wazi.
Saba mara nane? Ukipata, kondoo anaingia.
Ukikosa, anatokea mbwamwitu.
Na hapo, nakiri, nilijisahau.
Usingizi ulikuwa umenihama, nikamchora vizuri mno:
nikamvika kofia ya marehemu baba mkwe,
nikampa buti zenye ncha zilizopinda,
na kabla hajamkwapua kondoo, hucheza;
huzunguka, hupiga goti,
huirusha kofia juu, huidaka kwa mkia.
Kondoo wangu hawachezi.
Wanaingia tu, kama makarani Jumatatu asubuhi.

Watoto wa bweni walijipanga hadi ukumbini.
Wazazi wao wako mbali, wanahama na mifugo.
Hawa ni watoto wa kutupa jicho mara moja kwenye kundi
na kusema: amepungua mmoja, yule mwenye sikio jeusi.
Ila ubaoni huganda.
Dulguun hasa. Mwite ataje jedwali la sita,
atavitazama viatu vyake
kana kwamba jibu limefungwa humo kwa kamba.

Ijumaa nikafungua kumbukumbu za mchezo.
Dulguun: maswali arobaini.
Sahihi: sifuri.

Nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia mama yake,
maneno laini, yaliyopigwa pasi.
Nikamimina chai ya maziwa, nikachota chumvi,
mkono ukasimama hewani.

Arobaini. Majibu manne kila swali.
Hata mbuzi kipofu, akibonyeza kwa kwato,
angebahatisha kumi!
Bahati haimchukii mtoto kiasi hicho.
Ili uyakose yote, bila kuteleza hata mara moja ukapata,
sharti ulijue jibu,
ulione lilipoketi,
ulipishe njia.
Kufanya kosa si kosa, kosa kurudia kosa:
yeye alilirudia mara arobaini,
na kila mara kwa usahihi.

Jumatatu nikaketi kando yake.
"Sita mara tisa," nikasema,
kama mtu anayeuliza kijiko kiko wapi.
Mshale ukafika penye hamsini na nne,
ukasita, ukapita,
ukatua arobaini na nane.
Mbwamwitu akatoka. Dulguun akacheka mpaka benchi likalia.
"Mwalimu, tazama, sasa anaidaka!"
"Mbona umeiruka hamsini na nne?"
Akanitazama kwa huruma.
"Pale hakuna kitu. Kondoo anaingia tu."

Miaka kumi na sita nafundisha hesabu,
na hakuna mkaguzi aliyewahi kuniambia
jambo hilo waziwazi namna ile.

Usiku nikageuza kila kitu.
Sasa ukipata, mbwamwitu ndiye mchungaji:
humfikisha kondoo langoni, kisha hucheza.
Ukikosa, hukaa kimya kwenye theluji.

Jumanne Dulguun akapata thelathini na tisa.
Sikushangaa. Nilitaka tu kujua habari za lile moja.
Nne mara tano, swali la watoto wadogo,
hata usingizini angelijibu.

Akaviangalia tena viatu vyake.
"Nilitaka kuona," akasema,
"kama atahuzunika."

Uso wa huzuni sikuwa nimeuchora.
Nikaongeza makaa jikoni,
nikawasha mashine.