Pigo la Pili

Alianza kuchambua buni mwaka ule wa unga wa Yanga,
shangazi yangu Ndeanasia, binti wa Machame,
meza ya kumi na moja, kiwanda cha kukoboa kahawa, Moshi mjini.
Macho chini. Vidole viwili.
Nzuri, iache ipite.
Mbovu, iliyotobolewa na mdudu, iliyopasuka,
iliyokuwa nyeusi kabla ya kuuona moto,
tupa kwenye kopo.

Kimya, tik.
Kimya, tik.
Wanawake mia mbili, makopo mia mbili,
na hakuna aliyeiita ngoma.

Santuri aliipata kwa fundi Tesha, mtaa wa Bondeni,
mzee wa sikio moja, aliyetibu redio za watu
kwa kuweka kiganja juu ya spika
kama apimaye homa ya mtoto.
Mpishi wa treni ya Tanga aliiacha pale kulipia betri.
Karatasi ya katikati imechubuka, jina la mwimbaji limekwenda,
limebaki tundu.

"Hii," alisema fundi, "si huzuni, si furaha.
Ni huzuni iliyooga, ikajipaka mafuta,
ikaazima viatu, ikatoka Jumamosi."

Akamweleza alivyojua, na asipojua akaunga waya:
kwamba mababu walichukuliwa, ngoma zikapigwa marufuku,
wakabakiwa na kiganja, paja na sakafu;
kwamba kwenye pamba mmoja alirusha sauti, wengine wakaidaka;
kwamba Jumapili sauti ile ile ilivaa joho la kwaya
na Jumatatu ikasahau kulivua.
Kisha wakapanda treni kwenda kaskazini, viwandani,
na huko vyuma vikapiga kelele kulishinda gitaa la mti,
basi wakalichomeka ukutani, kwenye umeme,
liwajibu wenye vyuma.
Hata jina, alisema, ni la makarani.
Kwanza waliziuza kwa rangi ya ngozi ya waimbaji;
vita vilipokwisha wakaona haya, kidogo tu,
wakatafuta neno lililovaa tai.
Ridhimu na bluzi.

Shangazi hakuuliza lolote kuhusu Amerika. Aliuliza:
"Mbona mstari mmoja anausema mara mbili?"
"Kwa sababu msimamizi hakusikia mara ya kwanza."
"Na wa tatu?"
"Wa tatu si wa msimamizi."

Mimi nilikuwa na miaka saba, chumba cha Njoro, chini ya meza,
nikiitazama miguu yake, vumbi la ganda la kahawa hadi kwenye vifundo.
Sindano inashuka, mkwaruzo, halafu yule mtu asiye na jina.
Pigo la kwanza aliliacha lipite.
La pili alilikanyaga.
La tatu likapita. La nne, tena.
Ilinichukua miaka thelathini kuelewa kwamba mguu ule
ulikuwa bado kazini, au kwamba kazini
ulikuwa tayari unacheza.
Buni nzuri iliondoka kimya, gunia kwa gunia,
ikanywewa na watu ambao hatutawajua.
Iliyokataliwa ndiyo iliyolia.

Tulimzika mgombani, Julai, baridi ya kukata masikio.
Kwaya ya usharika ilipiga makofi juu ya pigo la kwanza,
sawasawa, kama wahesabu sadaka.
Mikono yangu ilichelewa.
Nikaona aibu, nikairekebisha. Ikachelewa tena.

Ng'ambo ya kaburi alisimama Bibi Aikande wa meza ya kumi na mbili,
vidole viwili vimepinda, havikunjuki.
Naye alikuwa anachelewa.

Mchungaji alitutupia jicho,
akadhani mmoja ni uzee, mwingine ni msiba.