Mto wa Bibi Bunrye

Mimi ndiye mwenye ufunguo. Saa kumi kasorobo, usiku bado mzito,
napanda kilima cha Taebaek, theluji ikining'ata vifundo,
nawasha jiko la makaa ya mawe, nalipa kanisa pumzi.
Mchungaji huja saa kumi na nusu, na waumini saba.
Bibi Bunrye huwatangulia wote.
Ndoo yake ya tofu huiacha mlangoni,
huketi sakafuni, kwenye mto wa kijani
uliobonyea katikati kama nyasi alikolala ng'ombe.
Husema, "Nimefika."
Basi.

Mwaka wa kwanza nilitega sikio.
Nilikuwa nimetoka jeshini, kijana, nataka kuiba siri:
watu walisema mama huyu anamjua Mungu,
nami nikidhani kumjua ni kuwa na maneno.
Nikasikia: bei ya soya imepanda.
Nikasikia: goti, si lile la juzi, hili jingine.
Nikasikia kimya kirefu,
kisha kicheko kifupi, cha mtu aliyekumbushwa jambo
na mtu aliyekuwapo.

Siku moja alisinzia hadi akakoroma.
Nikamwuliza mlangoni, huoni haya?
Akabana kifuniko cha ndoo.
"Nimelala ubavuni mwa Dalsu miaka thelathini na minane.
Akikohoa gizani, nilijua kama ni vumbi la mgodi au ni huzuni.
Unadhani hayo nilijifunza tukiongea?"

Makaa hayashiki moto kwa kupita karibu na jiko.
Hukaa.

Kisha Gicheol, mwanawe. Lori la kabichi. Ule mteremko.

Tulizika Jumanne. Jumatano, saa kumi na dakika tano,
nikasikia ndoo ikitua.
Akaugeuza mto, akaketi,
akaupa msalaba mgongo.
Hakusema amefika.
Wiki kumi na moja, mgongo ule ule:
sweta la zambarau, uzi umechomoka begani.
Mchungaji alitaka kumsemesha, nikamzuia,
sijui kwa mamlaka gani, mimi mwasha jiko.
Ila nilikuwa nimeanza kuona
kwamba mtu hamnunii mgeni.
Kununa kwa namna ile, alfajiri kwa alfajiri,
tangu theluji hadi tope,
hununiwa wa nyumbani tu.

Siku aliyogeuka sikuiona ikija.
Nilikuwa nakung'uta majivu; nilipoinua macho
alikuwa anatazama mbele, uso umevimba,
midomo ikinong'ona kitu kuhusu goti.
Nje jua lilikuwa halijatoka.
Alijua aliyekuwa mbele yake.

Sasa yuko Wonju, kwa binti yake, hawezi ngazi tena.
Mto umebaki.
Leo, kabla ya watu, nimeukalia.
Mbonyeo ule si wangu, mifupa yangu ilihangaika kutafuta pa kutulia.
Nikasema, nimefika,
nikaona aibu, kama mtoto aliyevaa viatu vya mama.
Jiko likaguna. Theluji ikaporomoka paani.
Nikakaa.
Baadaye nikataja mlango wa nyuma, umevimba kwa unyevu,
haufungi sawasawa,
na kwamba mke wangu hajaniandikia tangu Oktoba.
Hilo nilikuwa sijamwambia mtu.