Mto wa Sultani

Kila mwaka, ukumbi wa shule, hapa Mkomani,
mchezo ni ule ule, kichekesho cha mababu:
jini kashona mto, kamwuzia Sultani bahili,
na anayeulalia
huota ndoto ya mwenye mto, si yake.
Mtumishi hulala, huamka, hujiona mfalme.
Watu wanaujua wote, na hucheka kabla ya neno.

Mimi hukaa nyuma ya pazia la leso mbili,
daftari na tochi.
Kazi yangu kunong'ona.
Mwaka huu na mto pia ni wangu:
ule wa siku zote uliliwa na panya,
nikautoa wa kitandani, nikauvika hariri ya kuazima.

Kupi wa duka la dawa ndiye jini,
unga wa ngano usoni, miwani hakuvua.
Mwalimu Lali, Sultani, ndevu za pamba.
Na Famau fundi wa majokofu,
aliyekesha gatini kwenye mashine ya barafu,
akaweka kichwa mtoni
na mto ukamchukua, kama mito ichukuavyo.

Zamu yake ikafika. Nikanong'ona:

*Nileteeni kahawa,
na joho la kukunjuwa,
waziri njoo na dawa
ya macho, nimeamka.*

Kimya.
Nikarudia. Mwalimu Lali akajikuna ndevu,
zikabaki mkononi.
Jini akapiga chafya, unga ukaruka, watu hoi.
Mtoto wa mkeka wa mbele akasema kwa Kiamu chake:
"Ulele kweli, huyu!"
Wakazidi kucheka, wakidhani naye kapangwa.

Ndipo Famau, macho kayafumba,
si kwa sauti ya jukwaani:
"Mama, mlango hujafunga."

Nikapekua daftari. Haumo.
Nikahesabu kwa vidole, kama alivyonifunza marehemu,
ma, ma, m, la, ngo,
hu, ja, fu, nga.
Tisa.
Mchezo wetu wote ni wa nane.

Maneno hayo ni yangu.
Huyasema usingizini tu:
mama anatoka, buibui begani, hageuki,
nami namwita kwa habari ya mlango
kwa kuwa sithubutu kumwita kwa jambo jingine.
Sijamsimulia mtu. Ndoto ile
haisimuliwi kabla ya kunawa uso,
na ukishanawa, haipo.

Tochi ikaniponyoka, ikabingirika hadi jukwaani,
mwanga ukampiga Famau, akakurupuka,
akadai kahawa, joho, dawa ya macho,
neno kwa neno. Makofi, vigelegele,
na jini akitafuta miwani yake chini ya kiti cha enzi.

Usiku nikaurudisha mto mahali pake.
Unanuka mafuta ya nazi, na gesi kidogo.
Nikaota nafungua nati,
nati na nati, vidole vimekufa ganzi,
na nyuma ya kifuniko cha mwisho
barafu, nyeupe, nzima, inafuka,
na furaha kubwa isiyokuwa yangu.

Asubuhi akapita dukani kuulizia fyuzi.
"Bi Mwanamkuu, jana nilikosea wapi?"
"Ulizidisha mizani moja."
Akacheka, akalipa, akasahau chenji.
Kizingitini akasita, mkono kwenye komeo:
"Je, mlango niufunge?"