Nani Bado Yupo?

Mnada uko Tandahimba. Sisi tuko Newala,
huku juu ambako hata maji hupandishwa kwa mashine
na hakuna anayeyamwaga kwa kujisahau.
Ndiyo maana nilimwambia katibu, Bwana Mnokote:
picha ya mnada haitapanda mara kumi na nane
kwa maghala kumi na nane.
Itapanda mara moja, igawanyike kwenye njia panda,
na pasipo na mtu haitakwenda.

"Itajuaje?" Ana daftari la wanachama mia nne,
na marehemu wamo;
nani atamfuta Mzee Chipuputa
ilhali mjane wake bado analeta magunia?

Nikamwonyesha kisanduku ukutani.
Hiki hakina daftari la majina.
Kila dakika mbili na ushei kinaita:
Nani bado yupo?
Kitangari kuna skrini tatu. Kila moja inajivuta kidogo,
sekunde za kubahatisha, zisije zikajibu kwa mkupuo.
Ya mpima mizani inawahi: Nipo.
Zile mbili zimesikia, zinanyamaza.
Kisanduku hakihesabu. Kinajua tu
kwamba nyuma ya mlango huu yupo japo mmoja.

Saa kumi Fadina, karani, alizima yake,
nayo ikaaga: Naondoka.
Njia haikukatwa.
Kisanduku kiligeukia upande ule ule:
Yuko mwingine?
Mizani ikaitika, bei ikaendelea kushuka na kupanda.

Nambunga hawakuaga. Umeme ulikatika.
Kikaita. Kimya.
Kikaita tena. Kimya.
Kwa dakika nne na kidogo
kilipeleka bei kwenye chumba chenye giza,
kisha kikafunga, bila kinyongo.

"Dakika nne," akasema katibu.
Alifungua daftari, akashika kalamu juu ya jina,
midomo ikacheza kama anayeita mtu wa chumba cha pili.
Sikumtazama. Nilijifanya nakaza waya
ambao haukuwa umelegea.

Umeme uliporudi Nambunga
mashine haikungoja kuulizwa.
Nipo, ilisema, na baada ya muda mfupi, Nipo,
isije ya kwanza ikapotea njiani.
Wanasema mtu wa kangomba alikuwa ameshafika mlangoni,
kibaba mkononi, bei yake mdomoni,
skrini ikawaka nyuma ya mgongo wake
na wakulima wakaacha kumtazama usoni.