Karafuu Iliyochanua

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, hapa Weti,
katibu Egno husimama na daftari lake
na kusoma michango, mkubwa kwanza, mdogo mwisho,
nasi shingo huturefuka
kama bata waliosikia pumba zikimwagwa.

Mimi Skolastika nilikuwa wa nne.
Miaka mitatu, wa nne,
baada ya daktari wa meno, mwenye duka la saruji,
na mjane wa mhasibu.
Msiniulize nilizipata wapi.
Nilikopa kwa Bi Time, jirani yangu,
nikamwambia ni ada ya mtoto.
Niliuza jiko la gesi, nikasema limeibwa.
Wanangu walikunywa uji usio na sukari
ili jina langu litamkwe kabla ya la Filomena.

Na likitamkwa, nasema kweli,
lilinishibisha hadi Jumanne.
Jumatano nilishaanza kuhesabu:
nani hakuniamkia,
kwa nini mke wa kasisi alimkumbatia yule kwa mikono miwili,
mimi kwa mmoja.
Hata sala za usiku nilizipanga maneno
kama mtu ajuaye dirisha liko wazi
na jirani hajalala.

Msimu huo karafuu zilizaa hadi matawi yakainama.
Tulikaa uani kwa Bi Time tukichambua,
makonyo huku, karafuu kule,
vidole vikinuka mpaka kesho yake.
Ndani ya pakacha nikakuta kishada kilichochanua,
nyuzi nyeupe, nyembamba,
kama sharubu za mtoto wa paka.
"Hicho tupa," akasema Bi Time.
"Karafuu ikishachanua haina bei.
Mizani haiitaki."

Sikukitupa.
Mungu wangu, niliwaza,
kumbe kila karafuu yenye bei
ilikatwa kabla haijafumbua jicho?
Na hii, iliyomponyoka mchumaji huko kileleni,
ndiyo peke yake iliyofika
pale Muumba alipokuwa akiipeleka?

Sikulia. Shuhuda zina machozi mengi mno.
Nilicheka,
hadi Bi Time akauliza kama nina homa.
Nikamwambia: ile hela haikuwa ya ada.
Akanyamaza, akachambua konzi nzima.
"Nilijua. Mwanao alinambia.
Ungesema ya kanisani ningekukopesha vilevile.
Hata kwetu wapo wanaotoa huku wakitazama pembeni."

Mwisho wa mwezi
nilitia elfu mbili katika bahasha, sikuandika kitu.
Mkono uliitaka kalamu, haki ya Mungu,
kama mlevi anavyoitaka glasi.
Egno akafika chini ya orodha,
akaigeuza bahasha huku na huku:
"Hii haina jina. Shilingi elfu mbili."
Mtu akacheka nyuma. Filomena, nadhani.
Uso ukaniwaka.
Nikamtazama Yesu pale ukutani, wa mbao,
kidole kimoja kimeliwa na mchwa,
Yeye aliyevuliwa nguo mbele ya mji mzima
asimwombe mtu shuka.
Nikamwambia kimoyomoyo:
Wewe umeshaisoma.
Basi.

Sijapona.
Juzi nilivaa gauni jipya
nikapita njia ndefu ya sokoni, na sina cha kununua.
Hilo nalo nakuletea, Bwana, kama lilivyo.
Deni la Bi Time nalipa kidogo kidogo.
Sukari imerudi kwenye uji.
Siku nyingine Jumatano hufika na kupita
nami nashona tu, sijahesabu mtu.

Kile kishada kilinyauka kesho yake.
Kilikuwa kimeshachanua.